Besi inatikisa kabati kwenye sabufa, kwenye simu haipo kabisa

Kijana_Nkuhungu

Habari zenu wakuu. Niko Nkuhungu, Dodoma. Narekodi kwaya yetu na bendi yake ndogo: sauti tunazichukua kanisani, vyombo navimalizia chumbani kwangu. Mambo yanakwenda vizuri isipokuwa besi.

Vifaa nilivyonavyo: gitaa la besi la nyuzi nne, la kawaida lisilotumia betri, nyuzi ni zile zile lilizotoka nazo dukani. Nachomeka moja kwa moja kwenye saundikadi, tundu la gitaa, si la maiki (hilo nimeshalisoma humu, msianze nalo). Narekodi kwa programu ya Reaper kwenye laptopu. Chumba ni mita 3 kwa 3, dari jipsamu, juu bati, ukuta wa mbele nimeujaza trei za mayai. Nasikilizia sabufa, nimeisukumia kwenye kona nyuma ya meza ili watu wapate pa kupita.

Tatizo lenyewe ni hili. Chumbani besi inajaa mpaka vioo vya kabati vinatetemeka. Nikituma wimbo kwenye kundi la WhatsApp la kwaya, wanauliza besi iko wapi. Kwenye gari la mwenyekiti wetu ndiyo balaa, maana nota moja inanguruma halafu mbili zinazofuata hazipo. Uzi wa A ukipigwa wazi hapa chumbani unafunika kila kitu, nikihamia D inanywea. Nimepandisha 60 Hz (sauti za chini kabisa) kwenye ikwalaiza hadi nikaogopa, simu bado kimya. Pia kuna mvumo mdogo wa umeme, unapungua nikishika nyuzi.

Nimeambiwa dawa ni kununua ampu ya besi na kuiwekea maiki. Kabla sijapitisha bakuli kwa wanakwaya, naomba ushauri. Natanguliza shukrani.

Fundi_AreaC

Mkuu usijitese. Weka besi ya kinanda, tafuta sampuli nzuri, funga kazi. Waumini hawajui tofauti. Studio yangu inakwenda hivyo na wateja wanarudi.

NyuziNne

Mbukwenyi. Fundi wa Area C, biashara yako naiheshimu, lakini kijana ana gitaa mkononi na ameuliza habari za gitaa. Ukimwambia aache apige kinanda ni sawa na kumwambia mgonjwa wa jino ale uji maisha yake yote.

Kijana, bakuli usipitishe. Ampu kwenye chumba hicho itakurekodia chumba, itakurekodia bati, na upepo wetu wa mwezi wa nane nao utaingia kwenye kwaya bila kufanya mazoezi. Waya unatosha. James Jamerson, aliyepiga besi nyimbo za Motown kule Detroit miaka ya 1960, sehemu kubwa ya kazi yake ilipita kwenye waya moja kwa moja hadi kwenye mixa. Gitaa lake Fender Precision, nyuzi bapa ambazo hakuwa na haraka ya kuzibadilisha, kipande cha sifongo kinachobana nyuzi pale kwenye briji (kile kichuma kinachoshika nyuzi upande wa mwili wa gitaa), na kidole kimoja cha shahada. Sauti ilikuwa kwenye kile kidole.

Sasa tuanze na chumba, maana ndicho kinachokudanganya mchana kweupe.

Uzi wako mnene, E, unatoa 41 Hz, yaani mitetemo 41 kwa sekunde. Wimbi lake hewani lina urefu wa mita 8 na ushee, wakati chumba chako kina 3. Trei ya mayai ina kina cha sentimita chache, itaweza nini hapo? Inapunguza kidogo kelele za juu, makofi na sauti za “s”, basi. Besi inapita humo kana kwamba hakuna kitu. Godoro nalo ni hivyo hivyo. Linakausha mwangwi wa sauti za kuimba na hilo ni jema, ila A haliigusi. Ningekuwa wewe ningezibandua trei zote, zinashika vumbi na siku moja zitashika moto.

Halafu piga hesabu. Sauti inakwenda kama mita 343 kwa sekunde. Chumba cha mita 3 kinapenda kuvuma kwenye masafa ambayo nusu ya wimbi lake ni mita 3, yaani 57 Hz hivi. A yako ya wazi ni 55. Unaona? Gitaa halina upendeleo kwa A, ni kuta zako zinazoishangilia. Na kwa kuwa chumba ni mraba, kuta za mbele na nyuma zinashangilia pamoja na za kushoto na kulia, kwenye nota ile ile. Ukaongeza sabufa kwenye kona, mahali ambapo mvumo huo unachochewa kuliko popote chumbani. Kisha ukapandisha 60 Hz. Gari la mwenyekiti halina kosa lolote.

Usiniamini mimi, jaribu leo jioni. Rekodi A ya wazi, ndefu, izungushe ijirudie. Simama mgongo ukiwa umegusa ukuta, usikie ilivyo. Kisha tembea polepole hadi katikati ya chumba. Utaisikia inanyauka miguuni mwako, pengine karibu kupotea, na sabufa hujaigusa. Endelea hadi ukuta wa pili, inarudi. Kwa hiyo ukikaa ukutani utapunguza A isiyostahili kupunguzwa, ukikaa katikati utaipandisha. Sogeza kiti kiwe mita moja na kidogo kutoka ukuta wa mbele, itoe sabufa kwenye kona na uizungushe nobu yake ya besi irudi chini. Halafu kwa maamuzi ya besi tumia hedifoni za kufunika sikio zima. Hazina kuta.

Nije kwenye simu. Spika ya simu haiwezi kutoa 41 Hz, wala 55, wala 82. Inaanza kusema kitu cha maana kwenye mamia ya Hz huko juu. Kwa hiyo hiyo 60 unayoipandisha simu haiioni kabisa, unailemea sabufa tu. Lakini kila nota ya besi ina ndugu zake juu: E ya 41 imebeba 82, 123, 165, 206 na kuendelea. Sikio likiwasikia hao ndugu linamjaza mzee wao lenyewe, hata kama hayupo. Kazi yako ni kuhakikisha ndugu wapo. Besi isiyo na sehemu ya kati haisikiki popote isipokuwa kwenye sabufa yako.

Wagogo wanalijua hilo kabla ya umeme. Tazama ilimba, ala ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, ile aliyoizungusha dunia nzima marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki 2003. Kwenye ubao wake kuna vitundu vimezibwa kwa utando wa buibui. Ndiyo maana vyuma vinalia na mkwaruzo mdogo juu yake, *zzz*, na nota inakufikia hata ukiwa nje ya duara la wachezaji. Sasa utando wa besi yako ni huu: nobu ya toni ifungue yote au karibu yote wakati wa kurekodi (ukiizima kwenye gitaa hakuna plagini itakayoirudisha), vidole vikamate nyuzi kwa uthabiti, na baadaye distosheni kidogo, kidogo sana, kwenye mixi.

Mkono. Hapa ndipo vijana wengi wanaponikera. Wanapiga juu ya shingo kwa ulegevu kwa sababu pale nota inasikika nene masikioni mwao, kisha wanashangaa haikati. Sogea nyuma, kati ya mwisho wa shingo na briji, juu ya pikapu (ile sumaku inayonasa mtetemo wa nyuzi) au nyuma yake kidogo. Kaza sawa kwenye kila nota. Na nota iwe na mwisho! Nyuzi usizopiga zilaze kwa vidole vya kushoto, zisivume zenyewe. Besi ya kwaya inaharibika zaidi na nota zisizokatwa kuliko na gitaa la bei nafuu.

Kama mkono wa kushoto bado haujatii, fanya ya Jamerson. Chukua kipande cha sifongo, la zamani la godoro linafaa, kata urefu wa upana wa nyuzi zote nne na unene wa kidole. Kisukume chini ya nyuzi, kiguse briji kabisa. Kisibane mpaka nyuzi zikapinda; kiziguse tu kwa chini. Piga. Ule mkia mrefu unaovuma unakatika, unabaki mpigo mnene wenye mwanzo na mwisho. Kikisogea mbele kwa sentimita moja tu sauti inakuwa ya kopo, kwa hiyo cheza nacho hadi upate pake. Kwa nyimbo za mwendo wa pole unaweza kukitoa.

Nyuzi zile za dukani badilisha. Kama mfuko umekauka, zivue, zichemshe kwenye sufuria dakika chache, zikaushe vizuri kabisa, zirudishe. Jasho na vumbi la Dodoma vinatoka, mng'ao wa sauti unarudi kwa muda. Si dawa ya kudumu, ila inakuvusha hadi albamu iishe. Baada ya hapo kila ukimaliza kupiga zifute kwa kitambaa kikavu.

D kunywea si chumba peke yake. Angalia pikapu imekaaje. Piga nyuzi zote nne kwa nguvu moja huku ukitazama mita ya Reaper. Uzi wenye sauti kubwa, teremsha pikapu upande wake kwa skrubu, nusu mzunguko, jaribu tena. Ulio mdogo, pandisha. Usipandishe mpaka sumaku ikaribiane na uzi, inauvuta na nota inayumba. Halafu pima freti ya 12: sauti ya kugusa juu ya freti bila kukandamiza, na sauti ya kukandamiza, ziwe nota ileile. Ikiwa ya kukandamiza imepanda, kirudishe nyuma kile kichuma cha uzi huo kwenye briji.

Geini acha nafasi. Vilele vicheze kwenye -12 hadi -8 dB za mita, hakuna zawadi kwa anayegonga nyekundu.

Nimeandika sana, mke wangu ananiita mezani. Mixi wamalizie wengine.

DadaMixa_Singida

Shikamoo mzee NyuziNne. Umemaliza karibu yote. Naongeza upande wa mixi kwa sababu kwaya ndiyo mkate wangu wa kila siku huku Singida.

Kaka wa Nkuhungu, kabla hujagusa ikwalaiza, nenda kamwambie mpiga kinanda auweke mfukoni mkono wa kushoto. Wapiga kinanda wa kanisani wamezoea kupiga peke yao, kwa hiyo mkono wa kushoto unapiga besi. Akikaa na mpiga gitaa la besi haubadilishi kitu, mnakuwa besi mbili kwenye oktava moja, moja inatangulia nyingine inachelewa. Hapo hata ungekuwa na studio ya mamilioni nota hazitasikika. Nikipewa wimbo ambao besi “haisikiki”, mara nyingi sana naikuta iko sawa, ila kinanda kimeikalia. Kama keshaondoka na hawezi kurudia, kata kinanda chote chini ya 150 Hz, hata 200.

Cha pili ni sauti ya nne, waimbaji wa besi. Wazee wale wanashuka mpaka karibu 82 Hz, oktava moja tu juu ya uzi wako mnene. Zile traki ulizochukua kanisani zimebeba pia mvumo wa jengo, miguu ya watu na feni. Kata maiki zote za kwaya chini ya 75 au 80 hivi, hutawaumiza wazee, ila utashangaa chini kulivyosafika.

Kwenye besi yenyewe:

Kata chini ya 30 au 35. E haidhuriki. Hapo kuna mishtuko ya mkono tu inayokula nafasi.

Ikiwa imeziba, tafuta kati ya 200 na 300, ipunguze 3 dB hivi. Ikiwa haisemi, pandisha kidogo karibu na 700 hadi 900. Ndipo kidole kinaposikika. Hiyo 60 yako irudishe sifuri kwanza.

Kiki (ngoma ya mguu) na besi wasigombee kiti. Ukiipa kiki 60, besi ipate nguvu kwenye 90 au 100. Au kinyume chake, inategemea wimbo. Mimi kwa kwaya za mapambio besi ndiyo naiacha chini na kiki naipa mpigo wa juu.

Kompresa, ile inayobana nota kubwa: ReaComp inayokuja na Reaper inatosha. Uwiano 4 kwa 1, iache mpigo wa kidole upite kwanza, yaani iamke baada ya milisekunde 30 hivi, iachie kwenye 100 hadi 150. Ipunguze 4 hadi 6 dB kwenye nota kubwa. Ikipunguza 12 muda wote, tatizo ni mkono, rudi kwa mzee.

Na utando wa buibui wa mzee mimi naufanya kwa traki mbili. Nakopi besi. Ya kwanza naiacha safi na kukata kila kitu juu ya 200. Ya pili nakata chini ya 200, naitia distosheni mpaka ikiwa peke yake inaudhi, kisha naiteremsha chini kabisa na kuipandisha taratibu mpaka besi itokee kwenye simu. Ikitokea, nasimama hapo. Traki hizo mbili usizisogeze hata kidogo, zikipishana zinakulana. Ukiona besi imekonda badala ya kunenepa, geuza fezi ya moja (wimbi lake lipinduliwe juu chini), usikilize upande upi una nguvu.

Kinanda_Kondoa

Dada, huo mkono wa kushoto umetuonea 😂 Mpiga besi akichelewa kufika mazoezini, nani anaibeba kwaya?

DadaMixa_Singida

Mazoezini upige hata kwa miguu. Siku ya kurekodi, mfukoni.

Kijana_Nkuhungu

Shikamoo mzee, asante dada. Nimejaribu ile ya kutembea na A. Wallahi nimemuita mdogo wangu naye atembee kwa sababu nilidhani naota. Katikati ya chumba inakufa kabisa. Sabufa nimeitoa kwenye kona, na sifongo nimelipata kwenye kochi la zamani. Nota sasa zinaachana, D imerudi baada ya kupandisha pikapu upande wake. Kwenye simu bado iko mbali, traki mbili nazifanya kesho.

Ule mvumo wa umeme haujaondoka. Nikikata kwa ikwalaiza pale 50 Hz unaondoka, lakini naona kama wimbo wa G umepungua nguvu. Ni mawazo yangu?

NyuziNne

Marahaba. Si mawazo yako. Umeme wetu ni 50 Hz, na G ya chini, freti ya 3 kwenye uzi wa E, ni 49. Ukikata mvumo unaikata G pamoja nao. Nusu ya nyimbo za kwaya ziko kwenye G, utafanyaje? Mvumo unauzuia kabla haujaingia.

Kupungua ukishika nyuzi ni kawaida, maana yake waya unaounganisha briji ndani ya gitaa uko salama. Ingekuwa unazidi ukishika ningekwambia ulifungue. Anza hivi: chomoa chaja ya laptopu, ubaki na betri. Ukinyamaza, mchawi ni chaja, rekodi kwa betri ukiwa umeijaza kabla. Usiponyamaza, geuka ukiwa umeshika gitaa, polepole, kuna upande utausikia unapungua. Kaa upande huo. Simu iweke mbali, adapta za umeme zisiwe karibu na waya wa gitaa, na waya wenyewe usiwe mrefu kuliko unavyohitaji.

Kuna fundi atakuja kukwambia uikate pini ya athi kwenye plagi ili mvumo uishe. Mfukuze. Kweli unaweza kuisha, ila siku hitilafu ikitokea wewe na nyuzi zako za chuma ndio mtakuwa athi. Na ukishika nyuzi ukahisi umeme unakutekenya, weka gitaa chini, ita fundi umeme aangalie nyumba, mambo ya mixi yasubiri.

Mpwapwa_Boy

Wakuu, kwa kudandia uzi: mimi nataka kununua la nyuzi tano, naona wapigaji wa siku hizi wote wanalo. Kwa kurekodi nyumbani linasaidia?

NyuziNne

Uzi wa tano, B, ni 31 Hz. Kijana wa Nkuhungu anahangaika na 55, wewe unataka 31? Kama una nyimbo zinazoshuka hadi D au C chini ya E, nunua. Kama unataka lionekane madhabahuni, nunua pia, hela ni zako. Kwa kurekodi kwenye chumba cha kulala, hela hiyo weka kwenye hedifoni na nyuzi mpya.

Fundi_AreaC

Nimesoma yote. Mimi sampuli siachi, muda wa kuchemsha nyuzi sina. Ila hilo la kukata kinanda chini ya 150 nimelijaribu leo kwenye kazi ya mteja, besi ya sampuli nayo imefunguka. Dada, asante. Hiyo distosheni unatumia plagini gani?

DadaMixa_Singida

Zile za JS zinazokuja na Reaper, kuna za distosheni na za saturesheni humo humo, bure. Anza na ya saturesheni, ni laini zaidi. Ukimaliza tuma kipande hapa, sisi tutasikilizia kwenye simu.